Miezi Kumi na Moja Aliyoniandikia Fergal Hehir

Baba Paroko, shemeji yangu Nuala, watoto wetu Attracta na Donagh, majirani, na ninyi mafundi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini, kwa niaba ya familia nasimama mimi, Malachy, mdogo wake marehemu, kuwasomea maisha yake, nami nawaomba mnisikilize hadi mwisho, hata pale mtakapotamani ninyamaze.

Fergal Hehir alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 huko Cooraclare, katika kaunti hii ya Clare, mtoto wa kwanza wa Senan na Bridie Hehir, nami nikamfuata miaka minane baadaye. Alisoma shule ya msingi pale kijijini, kisha shule ya ufundi mjini Kilrush, na mwezi Septemba 1967, akiwa na miaka kumi na sita, alianza uanagenzi katika karakana ya ndege hapa Shannon, ambako kwa miaka minne alijifunza kukata bati la alumini, kulikunja, kulitoboa na kulipiga ribiti, zile pini za kuunganishia mabati, akiandika kila kazi katika daftari lake, na kila ukurasa ukitiwa sahihi na fundi aliyesimama karibu akimtazama. Mitihani ya nadharia ilimsumbua, akaanguka mara mbili, akarudi mara ya tatu, na tarehe 12 Juni 1975 akapata leseni ya kuidhinisha matengenezo ya mwili wa ndege.

Alifunga ndoa na Nuala Crowe tarehe 20 Agosti 1977, wakajaliwa Attracta mwaka 1979 na Donagh mwaka 1982.

Mimi niliingia karakana hiyohiyo mwaka 1978, nikamaliza uanagenzi, na ili nipate leseni kama yake nilitakiwa nifanye miezi ishirini na minne ya kutengeneza mwili wa ndege chini ya usimamizi, nami nilifanya kumi na mitatu tu, kwa sababu ile kumi na moja iliyobaki nilikuwa London nikibeba matofali na kunywa mshahara wangu. Niliporudi, mwaka 1984, mama alimkalisha Fergal jikoni, nami nikiwepo, akamwambia, "Muandikie tu, Fergal, ni mdogo wako, miezi ni kitu gani?" Fergal akamjibu, "Mama, huyu hajui bado bati linavyochoka. Akikosea hapo, watu wanaanguka kutoka mawinguni." Mama akalia, na Fergal, ambaye hakuwahi kustahimili machozi ya mama, akachukua daftari langu akaandika ile miezi kumi na moja, akatia sahihi, akatoka nje bila kunywa chai yake.

Oktoba 1986, nikiwa na leseni yangu, niliweka kiraka kwenye tumbo la ndege ya mizigo, nikatoboa safu nzima ya matundu karibu mno na ukingo wa bati, nikaona, nikapaka rangi juu, nikatia sahihi. Mwezi Machi uliofuata wakaguzi walikuta ufa umepita kutoka tundu hadi tundu, urefu wa shubiri, na namshukuru Mungu kwamba ulionekana ndege ikiwa chini. Nilipoitwa kuhojiwa niliwaambia kwamba miezi yote niliifanya, na kuhusu matundu nikasema, "Nilifanya kama kaka alivyonifundisha."

Akaitwa yeye, akasomewa maneno yangu, naye hakukanusha hata neno moja. Alinyang'anywa leseni tarehe 4 Mei 1987, mimi nikapelekwa mafunzo ya wiki sita nikarudishiwa yangu. Alinikuta nimejificha ndani ya gari langu, akagonga kioo, akasema, "Umemaliza kujificha?" Nikasema nimemaliza. Akasema, "Basi Jumamosi uje bandani kwangu. Ile miezi utaifanya." Niliifanya, kila Jumamosi, kwa miaka minne, juu ya mabati chakavu, yeye akipima kila tundu kwa rula na kusema, "Toa. Rudia," na kila nilichokuja kujua katika kazi hii nilikijua kwenye banda lile.

Kuanzia hapo hadi alipostaafu mwaka 2011 alikaa dirishani kwenye stoo ya vifaa, akiwagawia keekee za kutobolea bati vijana ambao angeweza kuwafundisha. Mlikuwa mkimtania, "Weka mikono yako mbali na bati langu, Fergal, wewe huna muhuri!" naye akicheka, na mimi, msimamizi wenu, nikicheka pamoja nanyi. Donagh aliyasikia hayo siku aliyomletea baba yake chakula, na hakuomba kazi pale kamwe.

Mwezi Juni mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Limerick, kisha akaomba arudi nyumbani. Kabla ya Krismasi nilimwambia nataka kusema ukweli, akasema, "Ukisema, sema kwa ajili ya vijana unaowatilia sahihi. Usinitumie mimi kujisafisha." Alifariki Jumanne, tarehe 14 Januari 2014, saa mbili asubuhi, Nuala akiwa amemshika mkono.

Jana nilirudisha leseni yangu kwa mamlaka ya usafiri wa anga, pamoja na barua yenye haya niliyoyasoma, na lile daftari aliloniandikia miezi. Asubuhi nilimpa Nuala karatasi hii, akaisoma akiwa amesimama, akasema, "Isome yote, Malachy. Ukiruka mstari mmoja, nitainuka niusome mwenyewe." Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumuomba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Limerick, muuguzi aliyekuja nyumbani hata barabara ilipojaa maji, majirani mliopika na kuosha vyombo tangu Jumanne, na wafanyakazi wenzake wote. Jeneza litabebwa na Donagh, Attracta na mafundi wanne aliowachagua marehemu mwenyewe, mimi simo, nami nitatembea nyuma.

Kapumzike, kaka. Kazi yako ilikuwa safi.