Carmel, Maji ya Barafu na Feni Iliyokufa

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu wa Bellevue, wa Troyeville, mpaka Turffontein, mitaa yetu ya Johannesburg. Hapa ni Gaston. Wengi mnanijua kwa cherehani, si kwa vitabu. Leo namkumbuka mtu wa nyumbani kwangu. Daktari Carmel, mkemia wa bahari. Mke wangu. Alifariki mwezi wa sita, mwaka huu wa 2019. Hospitali ilisema figo. Mimi nasema, tuongee taratibu.

Carmel alizaliwa Bukavu. Kazi yake mliicheka. "Joburg hakuna bahari, mkeo anapima maji gani?" Haya. Kuanzia 2015, kila kiangazi cha huku, alipanda ndege hadi Cape Town, halafu meli hadi kwenye barafu ya kusini. Moshi wa magari na viwanda unaingia baharini, maji yanageuka kuwa na asidi. Na maji baridi yanaumeza zaidi, kama soda ya friji inavyoshika gesi. Kule kuna konokono wadogo mno, magamba yao yanaliwa na maji hayo. Alinionyesha picha, akiniita kwa jina la mwanetu kama kawaida yake. "Papa Elisée, angalia huyu. Ametoboka kama soksi zako!" Alikuwa mtu wa hivyo.

Sasa sikilizeni vizuri. Maji yakiingia chupani, vijidudu vilivyomo vinaendelea kupumua, na vipimo vinaharibika. Kwa hiyo kila chupa inatiwa sumu ya zebaki kidogo. Kila chupa. Sumu hiyo huanza ikiwa unga mweupe, na Carmel ndiye aliyeikoroga, hapa hapa Johannesburg, kabla ya safari. Inakorogwa chini ya feni kubwa inayovuta hewa chafu na kuitoa nje. Na feni ile ilikuwa imekufa.

Nani alijua? Wakubwa wa maabara yake walijua. Carmel aliwaambia 2017. Akawaambia tena 2018. Mkuu wake akamjibu, "Daktari, vumilia, meli haingoji." Bendera za kupigia picha barafuni zilipatikana. Feni, eish, feni haikupatikana.

Nilimwambia akatae. "Nikiruka vipimo vya mwaka mmoja," akasema, "watu wa viwanda watasema tunabahatisha." Akakoroga hivyo hivyo, akaenda.

Mdogo wake, Arlène, anakumbuka: "Mikono ilianza kumtetemeka. Akanimwagia chai kwenye gauni, akasema eti baridi ya kule bado imo mwilini. Nikamwambia, Yaya, dada yangu, baridi gani hiyo haiishi?"

Kwenye mazishi wakubwa walikuja na maua. Wakaondoka kabla ya chakula. Mkuu akawaambia watu Carmel alikuwa na presha. Presha! Mimi niliyelala naye, hiyo presha sikuwahi kuisikia.

Wiki iliyofuata, mimi na Arlène tukaenda maabara kuchukua vitu vyake. Mlangoni nikasikia mngurumo. Feni mpya. Mwende, Mkenya aliyefanya kazi naye, akachana kipande cha tishu, akakiinua mbele ya feni. Kikavutwa juu, fyuu!

Arlène akamgeukia mkuu, aliyekuwa amesimama pale. "Hii mmeifunga lini?"

"Mama, ni matengenezo ya kawaida."

"Kawaida? Mbona hiyo kawaida imengoja Yaya wangu azikwe?"

Mkuu akaangalia simu yake. Nikauliza feni ya zamani iko wapi. Imetupwa. Imetupwa wapi? Hajui. Msomi mzima, hajui.

Wasikilizaji wapendwa, mimi sikusoma. Nimeambiwa zebaki hushambulia figo na kutetemesha mikono, ila siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomuua, maana hakuna aliyempima. Lakini mtu asiye na kosa hana haraka ya kutupa feni.

Pole sana mwanangu Elisée. Pole Arlène, na ukoo wote kule Bukavu. Pole Mwende, wewe bado uko mle ndani.

Na wewe unayenisikiliza, wa kiwandani, wa saluni, wa karakana ya rangi. Kesho ukifika kazini, kabla hujashika kitu, uliza hewa chafu inatolewa nje kupitia wapi. Wakikuambia vumilia, vaa koti lako, urudi nyumbani kwa watu wako ukiwa mzima.