Kinya Anataka Miji Mitatu

Treni ya kutoka Nanyuki kwenda Nairobi ilipoondoka Karatina, mwalimu Ogutu alifungua gazeti lake, lakini masikio aliwaachia wanawake wawili waliokaa mbele yake. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru.

"Nairobi, Mombasa, halafu Kisumu," alisema Kinya, mjane wa Kimeru. "Tiketi ya tadi klasi, ile ya bei ya chini. Chakula niko nacho, na Nairobi na Mombasa nitalala kwa akina mama wa kanisa."

Khavere, mke wa polisi, ambaye Kinya alikutana naye humo ndani, alicheka. "Mama, chagua mji mmoja. Kisumu huna mtu, na hoteli itakumaliza."

"Nichague? Wakati wa Emajensi ya Wazungu dada yangu aliugua Nyeri. Niliomba pasi ya kwenda kumwona, nikanyimwa mpaka akazikwa. Leo hakuna wa kuniuliza pasi, ati nichague?"

Khavere alimshika mkono. "Pole, mama. Lakini Kisumu utalala wapi? Stesheni?"

"Hata stesheni. Bora nione ziwa."

Ogutu hakuwa mtu wa kuingilia maneno ya watu. Hata hivyo alichana ukingo wa gazeti, akaandika jina na mtaa, akampa Kinya. "Huyu ni mama yangu. Anakaa Kisumu. Mwambie umetumwa na Ogutu, naye atakupikia samaki mpaka uchoke."

Kinya aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. "Na nikifika mlangoni, nimsalimie vipi kwa Kijaluo?"

"Amosi."

Treni ilisimama Sagana. Khavere alishuka akisema bado kwamba mji mmoja unatosha, huku Kinya, aliyebaki kitini, akirudia, "Amosi. Amosi."