Mwerezi Una Uzio, Laikeni Haina Mtetezi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa Bustani yetu ya Mimea, Ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe Babu Ndevu, msimamizi wetu wa miti unayestaafu leo, ambaye najua unatamani hotuba ziishe uvue hiyo tai:

Nimeombwa nimsifu mzee huyu, nami nitamsifu kwa ubishi wake. Wageni msishangae kwamba kidevuni hana hata unywele. Jina lake limetokana na ndevu za miti.

Mmeiona mierezi ya lango kuu. Mwerezi ni mti wenye heshima zake: una koni, una mbegu, umo katika orodha ya miti iliyo hatarini kutoweka, una uzio na bango linalokataza hata kuchuma kijiti. Na vile vinyuzi vya kijivu vinavyoning'inia kwenye magome? Ndizo ndevu zenyewe, yaani laikeni. Si ugonjwa wala si uchafu. Ni kuvu na mwani walioamua kuishi nyumba moja, mmoja anajenga, mwingine anapika. Mti haunyonywi hata tone. Babu ameyaeleza haya mpaka sauti imemkauka. Je, nayo iko hatarini? Hatujui, maana hakuna aliyewahi kuitathmini, na kwa hiyo hakuna aliyeiwekea uzio.

Kabla sijaajiriwa hapa, Babu akiwa likizo, ililetwa mashine ya kuoshea magari, mierezi miwili ikasuguliwa ing'are kwa ajili ya sherehe. Wageni walisifu sana. Babu aliporudi alishika gome, akashinda chini ya miti ile siku nzima, na watu wakatania kwamba mzee kafiwa. Kwa kweli alikuwa amefiwa. Miti ile ni mizima mpaka leo, ila magome yake bado ni matupu. Mwerezi ukianguka, tuna miche yake kitaluni. Laikeni ile nimejaribu kuiotesha maabara mara chungu nzima, nikagonga mwamba.

Wiki iliyopita Babu alinijia akaniambia, "Binti yangu, mti una sheria ya kuutetea. Laikeni hii ilikuwa na mimi tu." Maneno hayo yaliniuma, na yananiuma hata sasa.

Ndugu Mkurugenzi, kuanzia kesho mimi ndiye msimamizi wa miti, na nashukuru kwa imani yako. Kazi ya kwanza niliyopangiwa ni kuiosha mierezi yote iliyobaki kabla ya maadhimisho ya Bustani yetu. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, na kwa heshima zote nasema: sitaiosha. Kama cheo hiki kinaandamana na mashine ile, mpe mwingine, nami nitarudi maabara bila kinyongo.

Sikuombi jibu mbele ya wageni. Mashine inaletwa kesho asubuhi. Utanikuta nimesimama ndani ya uzio, mgongo wangu ukiwa kwenye gome.

Babu, nenda ukapumzike. Nanyi nyote mlionisikiliza kwa uvumilivu huu, asanteni sana.