Bi Mize Ahmada na Shamba la Vigingi

Marehemu Bi Mize Ahmada Jaribu, tuliyemleta leo hapa Ole, alizaliwa Wingwi tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa Mzee Ahmada Jaribu na Bi Siti Hamdan. Baada yake alizaliwa ndugu mmoja tu, Jabir.

Alihitimu Kurani chuoni akiwa bado mdogo, kisha akasoma skuli pale pale Wingwi hadi darasa la saba. Alitamani kuendelea Wete, lakini mama yake alianza kuugua na nyumba ikahitaji mtu. Aliambiwa asubiri mwaka ujao. Mwaka huo haukuja.

Alijifunza cherehani kwa shangazi yake, na kwa miaka mingi watoto wa Wingwi walivaa sare za mkono wake. Zilikuwa pana siku zote. Mzazi akinung'unika, humjibu, "Mwanao atakua, kitambaa hakikui."

Cherehani hiyo ndiyo iliyomletea mume. Hija Mgeni, seremala wa Ole, alipeleka suruali yake kutiwa kiraka. Juma la pili akairudisha imechanika pale pale. Bi Mize aliigeuza, akaitazama, akasema, "Kitambaa hiki hakichaniki chenyewe. Waambie wazee wako waje." Walioana tarehe 8 Agosti 1979, wakajaaliwa Yumna na Suhaib. Makubaliano yalikuwa wakae Ole. Lakini Mzee Ahmada alipooza mwaka huo huo, na Hija ndiye aliyehamia Wingwi, kwa muda. Muda huo ulikwenda mpaka alipofariki mwaka 2015 na kurudishwa Ole kuzikwa.

Mzee Ahmada aliacha shamba la mikarafuu ambalo wanawe wawili hawakuligawa. Jabir alikuwa Oman, akiendesha malori katika visima vya mafuta; dada alibaki kulitunza. Mwaka 2013 walifika wapimaji, wakachomeka vigingi vyekundu shamba zima. Wakasema huenda chini mna mafuta, na kwamba pasijengwe wala kupandwa cha kudumu mpaka wao wapimaji watakaporudi kutoa habari. Wakapanda gari lao wakaenda zao.

Iddi ya mwaka 2016 ilinyesha mvua kubwa. Jabir alipiga simu kutoka Muscat, na mkwe wa Bi Mize, Hafidh, mume wa Yumna na mwalimu wa jiografia, akaiweka sauti ya juu wote wasikie.

"Yanakwisha, dada!" Jabir alisema. "Visima vya huku siku hizi vinatoa maji mengi kuliko mafuta. Dunia itatujia kwa magoti. Usiuze, usipande, usijenge."

"Mjomba, hayo tunaambiwa tangu miye sijazaliwa," Hafidh alimjibu. "Kila wakisema yamekwisha, huchimba chini zaidi wakapata mengine. Na magari yenyewe yanahamia umeme. Hawarudi hao."

Wakabishana mpaka wali ukapoa. Bi Mize alikuwa amesimama kati ya chumba, ameshika beseni, kwani paa lilikuwa linavuja na hakuruhusiwa kujenga jingine. Mwisho akasema, "Yakiwa yanakwisha, nikae niwangoje. Yakiwa hayaishi, hawaji kung'oa vigingi vyao, nikae vile vile. Sasa niambieni: katika nyinyi wawili, nani anayenitoa hapa?"

Simu ikakatika.

Mwaka uliofuata alichoka kungoja. Mikarafuu ya baba yake ilikuwa inakufa, naye akapanda miche baina ya vigingi. Jabir alipopata habari alimwambia kwamba shamba ni la wawili, na kwamba yeye hajaridhia. Bi Mize aliing'oa miche kwa mkono wake, mmoja mmoja, mizizi ikiwa na udongo wake, akawapa mashemeji zake wa Ole. Ilipozaa mwaka jana walimpelekea karafuu za kwanza. Alizianika uani akakaa nazo kutwa nzima.

Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimtaka aishi karibu na hospitali ya Chake Chake, na Yumna akamtayarishia chumba Wawi. Alishafunga nguo zake aliposikia sauti ya nduguye simuni: "Ukiondoka, shamba litaonekana halina mwenyewe." Akazifungua. Ndipo Januari ya mwaka huu alipoanguka jikoni, akachukuliwa hajitambui, na hivyo ndivyo alivyotoka Wingwi. Hata Wawi hakutulia. Kila asubuhi alimuuliza Yumna, "Kuna aliyekuja kule?"

Alifariki huko huko Wawi jana, Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, baada ya sala ya adhuhuri. Jabir, aliyekuwa amekuja kumtazama, alitaka azikwe Wingwi. Alisema wazi, na ameridhia neno hilo lisomwe hapa, kwamba kaburi ni ushahidi mbele ya mtu yeyote atakayelitaka shamba.

Yumna aliinuka pale kando ya mama yake. "Mjomba, mama aliusia alazwe karibu na baba. Amekulindia shamba akiwa hai. Maiti yake hailindi kitu."

Jabir aliinamisha kichwa. Kisha akatoka nje, akamwambia Hafidh, "Watume vijana Ole wakachimbe."

Bi Mize ameacha watoto wawili, Yumna na Suhaib. Mkwe wake, Hafidh. Wajukuu Kauthar, Shadya na Ummi. Na nduguye Jabir, aliyekuwa wa kwanza kushika jeneza. Vigingi bado vipo.

Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu, na Kwake tutarejea. Ampe mja wake huyu wasaa ndani ya kaburi, wasaa ambao juu ya ardhi hakuupata. Amin.