Irmtraud Wiegand na Wageni Waliolala na Njaa

Baada ya miaka thelathini na minane kiwandani, Irmtraud Wiegand anastaafu tarehe 31 Machi. Mameneja waliokuwa wakingoja achoke wamestaafu wote kabla yake.

Aliingia kiwanda chetu cha majokofu hapa Kassel, Ujerumani, akiwa msichana wa kuyafungia majokofu milango, kazi inayotaka mabega na subira. Mabega alikuwa nayo. Mwaka wake wa pili alimwambia msimamizi, mbele ya zamu nzima, kwamba kengele ya mapumziko inachelewa, na kweli ilikuwa inachelewa. Wenzake wakaona mdomo kama huo usiachwe upotee bure, wakamchagua kuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Hajarudi kwenye milango tangu hapo.

Ni mwanachama wa chama cha Demokrasia ya Kijamii tangu ujana. Chama kilipopunguza mafao ya wasio na kazi, alisema waziwazi kwamba kimemtia aibu. Kadi hakuirudisha, ila aliihamishia kwenye droo ya jikoni, karibu na kifungulio cha chupa. Alituambia chama ni kama shangazi mlevi: unamkemea, lakini humfukuzi harusini.

Jambo atakalokumbukwa nalo ni malazi. Kampuni ina kiwanda kingine Aveiro, Ureno, na wawakilishi wa pande mbili hukutana katika Baraza la Pamoja. Zamani wageni walilala hotelini. Tulipeana mikono asubuhi, tukaagana jioni, basi. Irmtraud akafuta hoteli. Kila mjumbe akalale nyumbani kwa mjumbe mwenzake, ale anachokula yeye.

Aliyenung'unika kuliko wote ni Detlef Kuhnert wa karakana ya rangi. Ulikuwa wakati wa msukosuko wa uchumi, na Detlef alikuwa akirudia kila siku maneno ya magazetini, kwamba watu wa kusini wamekula mpaka wamemaliza, sasa wanatukodolea macho sisi. Irmtraud akampa yeye wageni wawili: Graça Figueiral na Adérito Lousada.

Saa kumi na mbili jioni Heike, mke wa Detlef, aliandaa mkate, jibini, soseji baridi na matango ya siki, kama nyumba yoyote ya hapa. Wageni wakadhani ni vya kufungulia mdomo. Wakala kipande kimoja kimoja kwa adabu, wakashukuru, wakangoja chakula. Heike akaona wameshiba, akaondoa vyombo. Wakazidi kungoja. Baadaye Detlef akawatakia usiku mwema, akaenda kulala. Adérito husimulia kwamba walitega sikio kama kuna sufuria inayochemka jikoni, wapi! "Nikamwambia Graça, dada yangu, hawa ndio matajiri wa Ulaya?"

Kesho yake Detlef alitangaza kiwandani kwamba Wareno hawali, wanaishi kwa hewa.

Zamu yake ya kwenda Aveiro ilipofika, Graça alimkaribisha mezani kwa mkate, zeituni na jibini. Detlef, akijua ndicho chakula chenyewe, akala mpaka akalegeza mkanda. Ndipo ikaja supu, halafu samaki wa chumvi kwa viazi, halafu nyama. Akauliza kama kuna mgeni mwingine anayetarajiwa. Meza nzima ikaangua kicheko, na Adérito akamsimulia jioni ile ya Kassel. Detlef alicheka kidogo tu.

Mwaka uliofuata wenye kampuni waliamua kufunga Aveiro na kuleta kazi yote kwetu. Kwetu ilikuwa neema. Kwao ilikuwa mwisho, maana vijana wao walikwisha kuanza kuhama nchi. Irmtraud akaleta pendekezo: viwanda vyote viwili vipunguze saa za kazi, kisifungwe hata kimoja. Alizomewa ukumbini. Mmoja akapaza sauti, "Wao wale, sisi tulipe?" Irmtraud alijibu vizuri sana, na hakuna aliyemsikiliza.

Ndipo Detlef akapanda jukwaani. Si msemaji. Alisimulia habari ya mkate na matango, watu wakacheka, akawangoja wamalize. "Walikuwa na njaa mezani kwangu," akasema, "nami niliwatazama usoni nikasema wameshiba. Kisha nikawatangaza kiwanda kizima. Kwa hiyo mimi sijui wanakula nini, na nyinyi pia hamjui."

Pendekezo lilipita kwa tofauti ya kura chache, na wenye kampuni wakalikubali. Tulifanya kazi siku nne kwa wiki kwa miaka miwili, mishahara ikapungua, na wapo ambao hadi leo hawamsalimii Irmtraud dukani. Tusipambe. Ulaya haikuokolewa siku ile, wala shangazi hakuacha pombe. Kilichotokea ni kwamba kiwanda kimoja hakikufungwa.

Majira ya baridi yaliyopita kibao kiligeuka. Safari hii kampuni ilitaka kufunga Kassel na kupeleka kazi yetu Aveiro. Tulimsihi Irmtraud aende akawakumbushe. Alikataa. Alisema ukimkumbusha mtu fadhila, umeigeuza deni. Tukabaki na hofu zetu, hasa kwa kuwa nusu ya wafanyakazi wa kule ni vijana wasiojua lolote la wakati ule.

Siku ya kura yao Graça, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wao, alipiga simu. Irmtraud alisikiliza, akashusha simu, akaketi kwenye kiti cha mlinzi wa lango na kulia mbele yetu sote. Hatukuwahi kumwona akilia, tukadhani tumekwisha. Kumbe wamekataa kuichukua kazi yetu. Watapunguza saa pamoja nasi.

Leo ndugu zetu wa Aveiro wako hapa kumuaga, na wamelala majumbani mwetu. Heike ndiye mkuu wa jiko. Anawatangazia wenyeji kwamba mkate wa saa kumi na mbili ni wa kufungulia mdomo tu, msije mkashiba. Chakula cha moto kitaliwa saa tatu.

Asante, Irmtraud. Tunakuombea mapumziko marefu, afya, na meza isiyokosa wageni. Na mgeni akikaa kimya, muulize kama ameshiba.