Maji Yasiyomezwa: Maisha ya Mwalimu Octave Kalonda, 1904–1958

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza Mwalimu, wasifu huu unasomwa na Roger, mtoto wa dada yake, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo. Kigugumizi cha Roger mnakijua. Basi kaeni vizuri, maana leo hatuna haraka.

Mwalimu Octave Kalonda alizaliwa mwaka 1904 kando ya mto Lwama, upande wa Kabambare, akiwa mtoto wa nne wa mzee Kalonda, mkulima wa mpunga, na mama Subira. Alibatizwa Kasongo tarehe 15 Agosti 1913. Wazazi wake walisimulia kwamba alianza kusema mapema kuliko ndugu zake wote, kisha alipofika miaka mitano maneno yakaanza kumkwama. Watu wa nyumbani walimpenda sana, na kwa kumpenda wakawa wanammalizia kila neno. Akianza kuomba muhogo anapewa muhindi, naye anaula muhindi wake kimya kimya.

Mwaka 1914 aliingia shule ya misheni. Kila asubuhi majina yaliitwa, na mtoto alipaswa kujibu kwa sauti kwamba yupo. Octave alikuwepo, mdomo wazi, na jina lake limekwisha kupita. Daftari la mwaka ule linaonyesha kwamba hakufika shuleni siku arobaini na moja. Siku zote hizo alikuwa ameketi benchi la mbele. Lakini wakati wa sala na nyimbo, akisema pamoja na wenzake, hakukwama hata mara moja. Jambo hilo lilimshangaza kuliko lilivyomuuma, na kushangaa huko hakukuacha mpaka mwisho.

Alianza kufundisha hapa Kasongo mwaka 1924. Katika kaye yake ya kwanza, daftari ambalo familia inalo bado, aliandika habari za kila mtu mwenye kigugumizi aliyekutana naye. Abedi fundi cherehani hukwama mbele ya wateja, lakini akiongea na mbuzi wake hakwami. Hawa hukwama akitaja jina lake mwenyewe, jina la dada yake hulitaja vizuri. Mvuvi mmoja wa Nyangwe husema bila taabu maadamu anapiga kasia. Chini ya kila habari aliandika, "Kwa nini?" Na chini yake, mara nyingi, "Sijui bado."

Jumamosi tarehe 7 Januari 1928 alifunga ndoa na Emilienne. Padri alipomuuliza kama anamkubali, neno likakwama. Baba yake mdogo, kwa mazoea ya nyumbani, akajibu kwa sauti kubwa kwamba anakubali. Padri akamwambia kwamba si yeye anayeoa. Kanisa zima lilimgeukia Octave, na wengine walikwisha kuanza kunong'ona kwamba huenda hataki. Emilienne alisimama tu, akangoja, mpaka neno likatoka. Jioni mumewe alimuuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa sana," alisema. "Nilijaza mate mu kinywa, nisikusemee."

Jibu hilo Mwalimu aliliandika siku hiyohiyo, na kazi yake yote ya baadaye ilitoka humo. Mtoto akiletwa kwake, kwanza walisoma pamoja kwa sauti moja, naye Mwalimu akapunguza yake kidogo kidogo mpaka mtoto asome peke yake bila kujua ameachwa saa ngapi. Kisha aliita baba, mama, shangazi na wote wenye haraka, akampa kila mmoja maji kinywani. Hakuna kumeza, hakuna kutema, mpaka mtoto amalize anachosema.

Sifa ikafika Kabambare kwamba Mwalimu Octave ana maji. Mwaka 1936 mama Waridi alitembea siku nne, akaja na chupa. Mwalimu aliijaza kutoka mtungi wa nyumbani na kumweleza matumizi yake. Mama akarudi kwao, akamnywesha binti yake kijiko kimoja asubuhi na jioni, chupa ikaisha. Akatembea tena siku nne kuja kulalamika.

"Mama, hii dawa ni yako," Mwalimu alimwambia. "Mutoto, muache neno yake ikuje yenyewe."

Alicheka, lakini kosa aliliandika kuwa ni lake, kwa kuwa hakueleza vizuri. Binti yule leo anauza vitambaa sokoni Kabambare. Bado hukwama, na wateja wake wamezoea kungoja. Mwalimu hakudai hata siku moja kwamba alikiondoa kigugumizi cha mtu, hata chake.

Tarehe 2 Novemba 1957 upande wake wa kulia ulipooza. Alilazwa hospitali wiki tatu, akarudi nyumbani na maneno vipande vipande. Na sisi, aliotufundisha miaka thelathini, tukasahau yote. Akianza neno, mmoja analeta maji, wa pili mafuta, wa tatu blanketi. Yeye anafumba macho. Tunaona haya kulisema hili mbele yenu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alasiri moja Mama Emilienne aliingia na jagi. Akajaza kinywa chake, akatupitishia bila neno. Tulikuwa saba chumbani, mashavu yamevimba, na tulingoja mpaka kivuli cha mlango kikahama. Ndipo Mwalimu akasema, "Roger... atasoma." Hakuna aliyeweza kumjibu. Alitutazama, akacheka kwa nusu ya mdomo.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 1958, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, Mama Emilienne, watoto watatu, Marie, Placide na Célestin, wajukuu sita, dada yake Victorine, na kaye kumi na moja zenye maswali ambayo hakuyapatia jibu.

Limebaki jina moja, ambalo Roger alimwita marehemu maisha yake yote na hajawahi kulitoa kwa mara moja. Mkiona amekwama, msimmalizie.

Mjomba, pumzika kwa amani. Na huko ulikofika, Mungu akusikilize mpaka umalize.