Kidari cha Wazee na Waya Nyekundu

GITHINJI: Haloo? Hii namba siijui. Naongea na nani?

NALOTUESHA: Ni mimi, Githinji. Nalotuesha. Hii ni simu ya shangazi Ruth, yangu imezima—

GITHINJI: Nalo! Habari ya asubuhi? Wageni wame—

NALOTUESHA: Wacha habari. Kisanduku chako kimeshikwa na wazimu.

GITHINJI: Kimefanya nini?

NALOTUESHA: Feni haisimami. Tangu saa nne inapuliza makaa kama imetumwa. [laini inakwaruza] Unanisikia? Pipa la nyama halikaribiki. Rangi ya nje imeanza kubanduka.

GITHINJI: Tulia. Tulia kwanza. Feni inapuliza pipa likiwa baridi, joto likifika pale tulipoweka inanyamaza yenyewe. Ndiyo kazi ya kisanduku. Pengine makaa yako na unyevu.

NALOTUESHA: Unyevu gani? Nakwambia nimechomeka nyusi!

GITHINJI: Sawa, sawa. Angalia kioo cha kisanduku. Tuliweka mia moja na kumi. Sasa inasoma ngapi?

NALOTUESHA: Kumi na saba.

GITHINJI: Mia na kumi na saba. Hiyo si mbaya, ime—

NALOTUESHA: Nimesema mia mimi? Kumi na saba, Githinji! Hata maji ya mtungi hapa yako na joto kushinda hiyo.

GITHINJI: Kumi na saba haiwezekani.

NALOTUESHA: Basi kuja uiambie. Uko wapi? Ulisema saa tatu utakuwa umetoka.

GITHINJI: Niko njiani.

NALOTUESHA: Njiani wapi?

GITHINJI: Isinya. Nimefika Isinya.

NALOTUESHA: Na huyo jirani yako anachomelea mageti hapo nyuma, mmepanda gari moja?

GITHINJI: Ni... hapa pia kuko na mtu wa mageti. Kando ya barabara. Wacha hayo, Nalo. Ulichomoa kitu? Uligusa waya ya joto, ile ya kupima, inaingia ndani ya pipa?

NALOTUESHA: Sijagusa. Nimefuata vile uliandika kwa karatasi, neno kwa neno.

GITHINJI: Lazima kuna kitu umegusa.

NALOTUESHA: Sijagusa, nimekwambia! Na usiniletee hiyo sauti. Hii si ile kuku ya kujaribu tulichoma nyuma ya duka lako. Hii ni ndume ya Papa. Amechinja ya shukrani juu ametoka hospitali akitembea na miguu yake. Saa nane rika lake lote liko hapa, wanaomba, wanakula. Mimi ndiye nilisimama mbele ya wanaume wakiwa na vijiti vyao vya kuchomea, nikasema wakae, mwaka huu moto utajiangalia wenyewe.

GITHINJI: Najua.

NALOTUESHA: Unajua vile Papa alinijibu.

GITHINJI: Nyama ikitoka vizuri, fundi ataitwa na atapewa kiti.

NALOTUESHA: Na ikiharibika?

GITHINJI: Asisikie habari ya fundi tena kwa hii boma. Nalo, nimelala na hayo maneno wiki nzima. Si lazima unikumbushe.

NALOTUESHA: [kwa sauti ya chini] Nakumbusha mimi mwenyewe.

GITHINJI: Yeye ako wapi sasa?

NALOTUESHA: Ako hapo tu. Tangu alfajiri amegeuza kiti, amelipatia pipa mgongo. Anasema moto usio na mtu ni moto wa mwizi. Aki Githinji, nichomoe hii feni?

GITHINJI: Usichomoe! Ukichomoa sasa joto litaanguka, kidari hakitalainika mpaka jioni. Ngoja itajirudi. Kisanduku kiko sawa. Nilikijaribu.

NALOTUESHA: Una hakika?

GITHINJI: Si tulikijaribu na wewe? Ile Jumapili?

NALOTUESHA: Na ilikuwa sawa kabisa. Kwa hivyo nini imebadilika kutoka Jumapili?

GITHINJI: [kimya]

NALOTUESHA: Githinji?

GITHINJI: Hakuna.

NALOTUESHA: Umekaa sana kabla ya kusema hakuna.

GITHINJI: Ni network. Kioo kinasemaje?

NALOTUESHA: Kumi na moja. Wooi, inashuka! Moshi umekuwa mweusi, mafuta yanadondoka yanashika moto huko chini, na hii kitu yako inasema pipa lina baridi kama Limuru! Nane. Githinji, nane. Tano.

GITHINJI: Inashuka vile moto unapanda?

NALOTUESHA: Ndiyo nakwambia! Mbili. Sasa... ni nini hii? Imeandika tatu lakini kuna kamstari mbele.

GITHINJI: Kamstari?

NALOTUESHA: Mbele ya tatu. Sasa nne, na kamstari yake.

GITHINJI: [mlio wa mashine ya kuchomelea kwa mbali] Chomoa feni.

NALOTUESHA: Umesema nisichomoe—

GITHINJI: Chomoa, Nalo! Chomoa sasa hivi! Chukua udongo na maji, ziba lile tundu la chini. Usifungue kifuniko, ukifungua moto utavuta hewa. Ziba chini tu!

NALOTUESHA: [akiita kwa mbali] Ruth! Ruth, leta hiyo ndoo! [vishindo, chuma inagongwa, maji yanachemka kwa kishindo] ...Nimeziba. Mkono umeungua. Nimeziba.

GITHINJI: Umeungua sana?

NALOTUESHA: Si mkono nalilia. Sasa nifanye nini? Sijui joto liko wapi, sina macho ndani ya hiyo pipa. Ni nini imeharibika, uniambie ukweli!

GITHINJI: Pengine... waya ya joto imevutika kwa gari. Watu wa mizigo wanarusha vitu, unajua vile—

MZEE LESIAMON: [kwa mbali] Nalotuesha! Ni nini hiyo inanuka hivyo?

NALOTUESHA: Ni Papa. Ameamka kwa kiti. Anakuja, Githinji, anakuja na fimbo—

GITHINJI: Usikate.

NALOTUESHA: Sikati. Na hii simu iko na salio kidogo, usiwe mtu wa kunyamaza.

MZEE LESIAMON: [karibu zaidi] Sogea. Wacha nione hiyo sanduku. Haya. Hii waya inaenda ndani, si ndiyo? Hii nyekundu na hii ya manjano. Nani alifunga hii waya?

NALOTUESHA: Ni... ni mimi, Papa. Ilichomoka kwa gari, nikairudisha vile nilidhani—

GITHINJI: Nalo. Nalo, usiseme hivyo.

NALOTUESHA: [akinong'ona] Nyamaza.

MZEE LESIAMON: Wewe ndiye ulifunga? Na hii gundi imekauka juu yake, ulitoa wapi?

GITHINJI: Mpe simu.

NALOTUESHA: Zii, simpi.

GITHINJI: Mpe simu, Nalotuesha. Tafadhali.

[simu inabadilisha mikono, upepo]

MZEE LESIAMON: Haloo.

GITHINJI: Haloo, mzee. Supa.

MZEE LESIAMON: Ipa. Wewe ni nani?

GITHINJI: Mimi ni fundi. Yule wa kisanduku.

MZEE LESIAMON: Aha.

GITHINJI: Msichana hajagusa chochote. Waya nilifunga mimi. Ile ya kwanza ganda lake liliungua tukijaribu na kuku, kwa hivyo Alhamisi nikaweka mpya, hiyo ya nyekundu na manjano. Ilisoma ishirini na nne, sawa na joto ya duka, nikaona iko sawa. Nikamwaga gundi, nikafunga. Sikuwasha moto kuijaribu. Gari ya mizigo ilikuwa inatoka, na mimi nilikuwa na haraka. [anavuta pumzi] Saa hii tu nilikuwa namwambia ni yeye ameharibu. Si yeye. Ni mimi.

MZEE LESIAMON: [anakwaruza gundi kwa kucha]

GITHINJI: Mzee?

MZEE LESIAMON: Niko. Nyekundu umeweka kwa kale kamsalaba ka kujumlisha.

GITHINJI: Ndiyo. Redio, televisheni, betri, kila kitu, nyekundu inaenda kwa msalaba. Miaka tisa nafunga hivyo.

MZEE LESIAMON: Hii si redio. Mimi nilikaa kwa tanuru ya chokaa miaka kumi na tisa, nikiangalia saa za kupima joto. Waya za joto tuliletewa kama hizi. Kwa hizi, nyekundu ndiyo inaenda kwa kamstari ka kutoa. Ukibadilisha, kwa kivuli itakudanganya vizuri, huwezi kujua. Ukiwasha moto inarudi nyuma. Kijana mmoja alifunga hivyo, tukapoteza mzigo wa siku mbili.

GITHINJI: [kwa sauti ya chini] Nyekundu kwa kamstari.

MZEE LESIAMON: Hii gundi yako inatokaje?

GITHINJI: Ipashe moto kidogo, mzee, na ncha ya kisu. Italegea. Chini yake kuna skrubu mbili ndogo. Legeza, badilisha waya, kaza. Usikaze sana. Kisanduku kizimwe, na feni iache nje kwanza.

MZEE LESIAMON: Nalotuesha, shika simu hapa kwa sikio langu. Hapana, hili lingine, hili halisikii. [pumzi nzito] Moja imetoka. Kisu kinateleza. Tulia wewe... Ya pili. Nyekundu kwa kamstari. Manjano kwa msalaba. Haya. Washa.

NALOTUESHA: [kwa mbali] Imewaka. Mia mbili na saba!

GITHINJI: Uui.

MZEE LESIAMON: Hiyo ndiyo joto yenyewe. Nilikuwa naisikia kwa mgongo.

NALOTUESHA: [kwa mbali] Mia mbili na tatu. Mia moja tisini na nane. Inashuka, Githinji! Inashuka vile inafaa!

GITHINJI: Wacheni ishuke. Ikifika mia na thelathini, mtoe udongo, mrudishe feni. Itajishika yenyewe hapo. Naapa, saa hii itajishika.

MZEE LESIAMON: Usiape. Tutaona.

GITHINJI: Nyama, mzee. Nyama iko aje?

MZEE LESIAMON: Ngoja nifungue kidogo. [chuma inalia, anakohoa] Mbavu za rafu ya chini zimekwisha. Ni makaa. Kidari kiko juu... Kimekauka kwa ngozi. Nimedunga na kisu, maji yanatoka. Kidari cha wazee hakijafa.

NALOTUESHA: [kwa mbali] Asante Yesu. Asante Yesu.

MZEE LESIAMON: Fundi.

GITHINJI: Naam, mzee.

MZEE LESIAMON: Msichana alisema uko njiani. Mashine inalia hapo kwako tangu nishike simu. Gari haina mashine hiyo.

GITHINJI: Hapana, mzee. Siko njiani. Niko Kitengela. Niko ndani ya duka, mlango nimefunga. Nimevaa shati ya kuja huko tangu saa kumi na mbili asubuhi. Gari zinapita hapa mbele, nasimama, nakaa.

MZEE LESIAMON: Kwa nini?

GITHINJI: Niliogopa.

MZEE LESIAMON: Uliogopa nyama ama uliogopa mimi?

GITHINJI: Wewe. Sina ng'ombe hata mmoja wa mahari, mzee. Niko na vifaa vya kutengeneza redio za watu, na meza. Nikasema sanduku liende kwanza. Likifanya vizuri, nifuate nyuma.

MZEE LESIAMON: Sasa limefanya vibaya.

GITHINJI: Ndiyo.

MZEE LESIAMON: Kwa hivyo?

[mlio mfupi wa onyo]

NALOTUESHA: [kwa mbali] Papa, salio linaisha, hiyo ni onyo—

MZEE LESIAMON: Nimesikia. Fundi, hizo mbavu za chini siwezi kupatia mgeni, na mbwa nitamkosea. Nimeziweka kando. Ni zangu na zako. Mimi niliona moto umezidi nikakaa na kiburi changu kwa kiti. Wewe uliona gari zinapita. Tutazikula sisi wawili, na hakuna mtu atasema ni tamu.

GITHINJI: Mzee, nime—

MZEE LESIAMON: Kuja na bisibisi, Githinji. Umeniharibia ncha ya kisu. Shika simu, Nalotuesha.

[simu inabadilisha mikono]

NALOTUESHA: Githinji!

GITHINJI: Amesema Githinji.

NALOTUESHA: Nimesikia.

GITHINJI: Ulimwambia jina yangu?

NALOTUESHA: Sijawahi! Kwa hii boma nimekuwa nikisema fundi, fundi, mwezi mzima nalinda mdomo kama—

MZEE LESIAMON: [kwa mbali] Nani alikuchukulia mzigo Ijumaa? Hukuuliza! Nilienda steji na boda boda, na mguu huu. Jina lilikuwa limeandikwa kwa karatasi ya mzigo, kubwa. Na la duka. Mwambie saa nane ni saa nane!

NALOTUESHA: Amesema—

GITHINJI: Nimesikia! Nafungua mlango. Nalo, naondoka, niko kwa barabara, hii ni kweli. Unasikia magari? Mkono wako uweke kwa maji baridi. Na unisamehe, ile nilisema umegusa—

NALOTUESHA: Utasema ukifika. Beba bisibisi.

GITHINJI: Iko kwa mfuko. Kioo kinasoma ngapi?

NALOTUESHA: Mia na hamsini na mbili. Githinji, fanya haraka. Amerudi kwa kiti chake.

GITHINJI: Bado amelipatia pipa mgongo?

NALOTUESHA: Hapana. Amekigeuza. Sasa kinaangalia barabara. Na ametuma Ruth ndani alete kingine, amekiweka hapo kando yake, hataki mtu aka—

[Simu imekatika. Salio limeisha.]